Waba, Msiba na Upweke: Pemba katika Nyakati za Maradhi

Lugha ya Kiswahili haina uhaba wa maneno ya kueleza mateso ya moyo. Kuna huzuni na kuna simanzi. Kuna majonzi, jitimai, unyonge na dhiki. Kuna hofu, ambayo mwenye nayo anajua anaogopa nini, na kuna wasiwasi, ambao mara nyingi mwenyewe hajui umetoka wapi. Katika miaka ya karibuni madaktari wa Tanzania wamelichukua neno sonona, ambalo kitenzi chake kusononeka ni cha siku nyingi katika ndimi za watu, wakalipa kazi ya kutaja maradhi ya huzuni isiyokwisha: ile inayomnyima mtu usingizi, ikamkatia hamu ya chakula, ikamwondolea nguvu ya kunyanyuka asubuhi. Neno wasiwasi nalo limepewa kazi kama hiyo. Maradhi haya mawili yalitajwa sana duniani baada ya kuzuka korona mwishoni mwa 2019. Mwezi wa Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hilo wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kote kwa kiasi cha asilimia 25.

Hesabu hiyo inaeleza ni wangapi walioumia, lakini haielezi waliumia kwa nini. Jibu la haraka ni kwamba watu waliogopa kufa. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi, kwani watu wa pwani walikwisha kuishi na kifo kwa karne nyingi: kifo cha bahari, cha njaa, cha ndui na cha homa. Historia ya Kisiwa cha Pemba inaonyesha sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mpemba amezoea kuitibu hofu yake kwa kukaa na wenziwe, na huzuni yake kwa kuigawa miongoni mwa jamaa na majirani. Maradhi ya kuambukiza ni adui wa aina ya peke yake kwa sababu yanakuja na hofu na huzuni, kisha yanaikamata ile dawa yenyewe na kuifanya sumu.

Kipindupindu kilifika katika mwambao wa Afrika ya Mashariki mara kadhaa katika karne ya kumi na tisa. Daktari James Christie, Mskochi aliyekuwa akitibu watu mjini Unguja, aliandika kitabu kizima juu ya safari za maradhi hayo katika nchi hizi tangu 1821 hadi 1872, na kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza, aliporudi Unguja kutoka bara mwanzoni mwa 1859, aliukuta mji umo katika msiba wa kipindupindu. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa 1869, katika siku za Sayyid Majid, maradhi yalirudi tena. Safari hii yalipita nchi kavu, yakafuata njia za misafara mpaka pwani ya Pangani, yakavuka maji pamoja na wasafiri. Maelfu ya watu walikufa Unguja kabla ya wimbi hilo kutulia katika mwaka wa 1870.

Jina lenyewe la maradhi linatosha kueleza kilichoonekana. Mwili ulijipindua kwa mikazo, maji yakamtoka mgonjwa kwa juu na kwa chini, na mtu aliyesali alfajiri akiwa mzima aliweza kuzikwa kabla ya magharibi. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba maradhi yamo ndani ya maji ya kunywa. Daktari John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha jambo hilo London mwaka 1854, lakini hata huko wakubwa wengi hawakumsadiki kwa miaka mingi. Katika visiwa vya Zanzibar, kama kwingineko, watu walibaki kukisia: ni upepo, ni hewa mbaya, ni ghadhabu, ni jicho la mtu. Wasiwasi hustawi mahali kama hapo, kwani mtu anayejua njia ya adui huziba mlango mmoja, na asiyeijua hulala macho akiitazama milango yote.

Huo ulikuwa wakati wa washairi wakubwa wa Pemba. Ali bin Said, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kamange, aliishi kati ya 1830 na 1910, na Sarahani bin Matwar kati ya 1841 na 1926. Umri wao ulipita katika miaka ya waba, ya utumwa wa mashamba, na ya tufani kubwa ya Aprili 1872 iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuifanya Pemba kuwa ndiyo shamba kuu la karafuu. Wapenzi wa ushairi wanawakumbuka wawili hawa kwa kujibizana kwao. Shairi la mmoja lilimsubiri mwenzake. Fumbo lilitaka mfumbuzi, na kejeli ilitaka jawabu. Hata sanaa ya kisiwa hicho, kwa hiyo, haikuwa ya mtu kujifungia chumbani na moyo wake. Ilikuwa ni mazungumzo, na yaliyoumiza moyo yalitafutiwa msikilizaji.

Ndivyo yalivyo maisha yote ya Pemba. Karafuu huchumwa na kundi, na jioni huchambuliwa na kundi, wanawake na watoto wakizitenga na makonyo yake huku hadithi zikisimuliwa. Wavuvi huenda dago pamoja na kupiga kambi pamoja. Mtu akiugua, nyumba yake haipungui watu wa kumtazama; kutokwenda ni kuvunja udugu. Akifa, wako wa kumwosha, wa kumkafini, wa kulibeba jeneza, wa kuchimba kaburi, wa kupika na wa kusoma khitma. Mfiwa hukaa matanga akiwa amezungukwa, na hata chakula huletewa. Anayeingia humpa mkono wa taazia, akasema maneno machache yaleyale yaliyosemwa na aliyemtangulia, akakaa. Uzito wa jambo hilo haumo katika maneno, bali katika kukaa.

Wanachuoni wa Kiislamu, ambao elimu yao ndiyo iliyolea visiwa hivi, waliyafahamu mambo haya mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaitenga hofu na huzuni, na huzuni na wasiwasi, kila moja na tiba yake. Kwa mtu aliyetawaliwa na wasiwasi alishauri, miongoni mwa mambo mengine, asikae peke yake, kwani upweke huyapa mawazo mabaya nafasi ya kurudi na kurudi. Asingekuwa mgeni katika baraza ya Chake Chake.

Lakini wanachuoni haohao waliujua upande wa pili. Mafundisho ya Mtume juu ya tauni yanajulikana katika kila chuo: asiyekuwamo katika nchi yenye maradhi asiingie, na aliyemo asitoke kuyakimbia. Sayyidna Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham na akapata habari za tauni, aligeuza safari. Abu Ubayda bin al-Jarrah alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anaiacha kadari moja na kuiendea nyingine, na zote ni Zake. Abu Ubayda mwenyewe alibaki na jeshi lake, akafa katika tauni ya Amwas. Karne nyingi baadaye Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni wa hadithi wa Misri aliyefariki 1449, aliandika kitabu juu ya tauni baada ya kufiwa na mabinti zake kwa maradhi hayo. Ameeleza kwamba katika tauni ya Cairo ya mwaka 833 Hijria, yaani 1430 Miladia, waliokuwa wakifa kwa siku walikuwa chini ya arubaini. Watu wakafunga siku tatu, wakatoka kwenda jangwani kuomba kwa pamoja. Mwezi haukwisha, idadi ya wanaokufa kwa siku ikapita elfu moja. Walikwenda kuituliza mioyo yao, na kule kukusanyika kukawaongezea maiti.

Hapo ndipo lilipo tatizo lote, na Pemba imelionja kwa namna mbili zilizo kinyume. Ya kwanza ilikuwa hofu isiyo na maradhi. Mwanzoni mwa 1995, mwezi wa Ramadhani, uvumi wa popobawa ulianza Pemba na baadaye ukavuka hadi Unguja. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na nyoyo zilikuwa tayari juu juu. Watu walisimulia juu ya kiumbe kinachoingia nyumbani usiku na kumkandamiza aliyelala. Walifanya nini? Walitoka. Walilala nje ya nyumba zao, familia kwa familia, kando ya moto, wakikesha kwa kisomo na maongezi. Hofu ilikuwa ya kweli hata kama kiumbe hakikuonekana, na watu waliitibu kwa njia waliyoirithi: walisogeleana. Mkusanyiko nao una hatari yake, kwani Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alituhumiwa kuwa ndiye popobawa, akauawa na umati. Hofu ya wengi ilimwangukia mnyonge. Hata hivyo, kwa walio wengi mikesha ile ya pamoja ndiyo iliyowafikisha asubuhi.

Vivyo hivyo ilikuwa katika msiba wa meli ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kuliko uwezo wake. Mamia walikufa na wengi hawakuonekana tena. Ziko nyumba za Pemba zilizopoteza zaidi ya mmoja, na ziko zilizosali bila ya kuwa na maiti mbele yao. Ilikuwa simanzi isiyo na kifani. Lakini hapana aliyeambiwa asiende kwa mfiwa. Kisiwa kizima kilikaa matanga.

Namna ya pili ni ya maradhi. Kipindupindu kiliporudi Zanzibar katika karne ya ishirini, mripuko wake wa kwanza kuripotiwa ulikuwa wa 1978, na tangu hapo kimekuwa kikija na kuondoka na mvua. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilizokuwa katika hatari zaidi. Kabla ya hapo watafiti walikwenda Chumbuni, Unguja, na Mwambe, kusini mwa Pemba, kuwauliza watu wanavyoyaelewa maradhi hayo. Hawakuuliza juu ya visima na vyoo tu. Waliuliza pia juu ya huzuni, hofu na aibu inayoipata nyumba yenye mgonjwa. Lilikuwa swali la busara. Mgonjwa wa kipindupindu hutengwa kambini, na akifa, maiti yake huoshwa na kuzikwa chini ya ulinzi wa watu wa afya. Jamaa hubaki pembeni wakitazama kazi yao ikifanywa na wengine. Huo ni msiba juu ya msiba.

Korona ililitoa jambo hilo katika nyumba chache na kulifikisha katika kila nyumba. Mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, na siku chache tu baadaye Zanzibar ikatangaza wake. Skuli zilifungwa, na watalii walikatika, na ajira za hoteli za Unguja, ambazo vijana wa Pemba nao wanazitegemea, zikasimama. Safari za umra zilikuwa zimekwisha kuzuiwa tangu mwishoni mwa Februari, na Hija ya mwaka huo ikaachiwa watu wachache waliokuwamo nchini Saudi Arabia. Mzee aliyeweka akiba ya karafuu miaka mingi kwa ajili ya safari hiyo alibaki na ihramu yake sandukuni. Mwezi wa Mei Kenya ilifunga mipaka yake na Tanzania kwa watu, ikiacha mizigo tu. Kwa mtu wa mbali hiyo ni habari ya serikali mbili. Kwa Mpemba mwenye shangazi Vanga, mjomba Shimoni na binti aliyeolewa Mombasa, ilikuwa ni ukoo kukatwa kwa msumeno. Jamaa walioko Muscat nao walisikika kwa simu tu, na zikaja habari za vifo ambazo mtu alizipokea akiwa amekaa peke yake, simu mkononi, asijue aelekee wapi.

Juu ya hayo palikuwa na ukimya. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ya Tanzania ilisimama katika wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima hesabu mpya haikutolewa. Wako walioupokea ukimya huo kwa faraja, kwani uliwaruhusu kurudi mashambani, sokoni na msikitini, na hapana shaka kwamba uliwaokoa wengi na njaa. Lakini mwanzoni mwa 2021, misiba ilipoongezeka, watu walijikuta hawana jina la kuyaita yale yanayowaua. Ilisemwa nimonia, ilisemwa changamoto ya kupumua. Mfiwa aliambiwa asihofu, na papo hapo aliona watu hawamsogelei kama zamani. Hali hizo mbili kwa pamoja ni mbaya kuliko kila moja peke yake. Katika karne ya kumi na tisa watu hawakujua maradhi yanatoka wapi kwa sababu elimu haikuwapo. Safari hii elimu ilikuwapo duniani, na wasiwasi ukakua katika pengo lililokuwapo baina ya kilichojulikana na kilichosemwa.

Kisha ukaja msiba uliouleta ukweli hadharani. Tarehe 31 Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza waziwazi kwamba mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Tarehe 17 Februari alifariki katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na kesho yake akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Katika siku zile kulitaja jina la maradhi kulikuwa ni tendo la ushujaa. Watu waliomzika walijua alikuwa na nini, na juu ya hivyo walikuja kwa maelfu, kwa magari na kwa miguu, wakasimama bega kwa bega.

Daktari angesema walikosea, na kwa hesabu ya maradhi asingekuwa mwongo. Kisa cha Ibn Hajar kinamsaidia. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza waliitafuta nini pale Mtambwe. Ulikuwa umepita karibu mwaka mzima wa kuvumilia misiba midogo midogo, kila nyumba na wake, bila ya jina na bila ya mkusanyiko wa kutosha. Siku ile kisiwa kilipata msiba wenye jina, na maiti ambayo kila mtu alikuwa na haki ya kuililia. Bila shaka wapo waliomlilia Maalim na pamoja naye wakamlilia baba, dada au jirani ambaye hawakuwahi kumlilia ipasavyo. Mkusanyiko ule ulikuwa wa hatari, na ulikuwa pia ni matanga yaliyochelewa.

Mambo yalibadilika baadaye. Serikali ya Tanzania iliunda kamati ya wataalamu katika Aprili 2021, chanjo ikazinduliwa bara tarehe 28 Julai mwaka huo, na hesabu zikaanza tena kutolewa. Skuli zilikwisha kufunguka zamani, meli zilikwenda na kurudi, na karafuu ziliendelea kuchambuliwa barazani. Kilichobaki hakionekani kwa macho. Maradhi ya mwili yana hospitali zake Pemba, Chake Chake, Wete na Mkoani, na kisiwa kina maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Wawi mwaka 2000. Maradhi ya nafsi yana uwanja mwembamba zaidi. Hospitali ya akili inayojulikana na wote, ya Kidongo Chekundu, iko Unguja, ng'ambo ya mkondo, na jina lake hutajwa kwa sauti ya chini. Mwenye sonona aghalabu huambiwa avute subira au apelekwe kwa mganga, na mara nyingi yeye mwenyewe huificha hali yake kwa kuiita uchovu.

Historia hii haimfundishi mtu kuyapuuza maradhi, wala haimfundishi kuwafungia watu kila mmoja ndani ya nyumba yake na kudhani kwamba wameokoka. Inafundisha kwamba pale mkusanyiko unapolazimika kuzuiwa, ndipo mambo mawili yanapohitajika zaidi kuliko wakati mwingine wowote. La kwanza ni habari ya kweli, kwa sababu watu wanaojua jina la adui na njia yake huogopa kwa kiasi, na wasiojua huogopa bila ya kiasi. La pili ni kuutafutia ule ukaaji wa matanga sura nyingine: mgonjwa kusemeshwa dirishani, mfiwa kutembelewa na mmoja mmoja uwanjani, chakula kuachwa mlangoni na mletaji kusimama hatua kadhaa akatoa taazia yake kwa sauti, simu kupigwa siku ya tatu, ya saba na ya arubaini, na khitma iliyoahirishwa kusomwa hata kama mwaka umepita. Yasiyotulia kwa hayo yanahitaji daktari, na kumwendea daktari wa nafsi si aibu zaidi ya kumwendea wa jino.

Mjane wa Pemba hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda wote huo hapaswi kuachwa peke yake. Wazee walioishika ada hiyo hawakuwa na hesabu za sonona wala vipimo vya wasiwasi. Walijua tu kwamba mtu aliyefiwa, akiachwa na ukuta, huanza kuuzungumza. Waba ukija tena, na historia ya mwambao haitoi ahadi kwamba hautakuja, mlango wa mjane huyo utakuwa na sababu ya kufungwa. Jamaa zake watalazimika kutafuta namna ya kumfikia bila ya kuufungua.